Tenzi za Rohoni: maoni ya muuza mbegu wa Kariakoo

Akina mama wa ibada yetu ya nyumbani huniuliza wanunue kitabu gani cha nyimbo, nami jibu langu ni lile lile: anza na Tenzi za Rohoni. Safari hii nimeona niandike kwa urefu, nieleze ninachokipenda na kasoro ninazoziona, kwa sababu kitabu hiki nimekitumia wakati biashara inatoka na wakati sikuwa hata na mzigo wa kuuza.

Nianze na kitu chenyewe. Ni kijitabu chembamba cha jalada laini, kinaenea kwenye mkoba au mfuko wa aproni. Ndani ni maneno matupu, kila wimbo na namba yake. Nota hakuna, kwa hiyo anayetaka kujifunza sauti atamtegemea mwalimu wa kwaya au simu yake. Changu nilikinunua kwa shilingi 4,000 katika duka la vitabu vya Kikristo hapa Dar es Salaam. Matoleo yako ya namna namna, basi kabla hujalipa kifungue katikati, uvute karatasi kidogo, uone kama zimeshikana. Vingine vimebanwa kwa pini tu, na karatasi za kati huchomoka mapema.

Faida yake ya kwanza ni kwamba kinajulikana. Nimekaa misibani ambako Mwanglikana, Mbaptisti, mtu wa African Inland na Mpentekoste wameketi mkeka mmoja. Mmoja akaanzisha "Yesu kwetu ni rafiki", na wote wakaingia bila kuulizana. Hakuna kitabu kingine cha nyimbo nilichokiona kikifanya hivyo kwa wepesi namna hii.

Nyimbo nyingi humo ni tafsiri za nyimbo za Uingereza na Marekani za karne ya 19. Vijana wetu hulalamika kwamba ni za kizee na mwendo wake ni mzito. Nawaelewa, na mapambio nayapenda pia. Ila mapambio mengi hunifaa nikiwa tayari nina furaha. Tenzi hizi, nyingi zake, ziliandikwa na watu waliokuwa wamepita mahali ambapo hakuna wa kuwashangilia, na jambo hilo linasikika hata kama habari zao huzijui. Mimi nilizijua baadaye, na tangu hapo kitabu kimepanda thamani machoni pangu.

Nauza mbegu na pembejeo ndogondogo: nyanya, vitunguu, bamia, mchicha, sukuma wiki, na dawa za kupulizia. Nilikuwa na sehemu yangu katika soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, soko liliungua. Jirani yangu wa biashara ndiye aliyenipigia simu, na kabla hajamaliza kusema nilikuwa nasikia makelele ya watu nyuma yake. Kulipokucha tulikuwa tumesimama barabarani, askari mbele yetu, tunatazama moshi. Mzigo wa kiangazi, ule ambao wakulima wa bustani za kumwagilia huununua sana, ulikuwa umeingia wiki ile ile, na sehemu yake niliichukua kwa mkopo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Kiongozi wa nyimbo alitaja namba, wala hakuwa amenikusudia mimi, tukaanza: "Nionapo amani kama shwari, ama nionapo shida, kwa mambo yote umenijulisha, ni salama rohoni mwangu." Huu wimbo nimeuimba tangu nikiwa mtoto. Siku ile sauti haikutoka. Nilisimama na kitabu mkononi, nikaufuata kwa macho, ubeti kwa ubeti, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mwandishi hakusema mali yake iko salama, wala watoto wake, wala kazi yake. Alitaja mahali pamoja tu.

Nyumbani nilimwambia kijana wangu, aliyekuwa chuoni wakati huo, anitafutie habari za mtu huyu. Akanisomea kwenye simu. Aliitwa Horatio Spafford, wakili wa Chicago, aliyekuwa ameweka fedha nyingi katika viwanja na majengo. Oktoba 1871 mji ule uliungua. Watu wapatao 300 walikufa, karibu 100,000 wakakosa makazi, na mali nyingi ya Spafford ikaenda na moto. Hapo nilimwambia kijana asimame kidogo. Nilihitaji kupumua. Mtunzi wa wimbo ule alikuwa mtu wa kuunguliwa kama mimi.

Akaendelea. Novemba 1873 mke wa Spafford, Anna, alipanda meli ya Ville du Havre kutoka New York kwenda Ufaransa pamoja na mabinti wao wanne. Spafford alibaki kwa ajili ya shughuli, akitegemea kuwafuata. Tarehe 22 meli hiyo iligongana na nyingine iitwayo Loch Earn katikati ya Atlantiki, ikazama kwa muda wa dakika kama 12. Walikufa watu 226, na mabinti wale wote wanne walikuwa miongoni mwao. Anna aliokolewa, akampelekea mumewe telegramu kwamba amepona peke yake. Wimbo ulizaliwa katika msiba huo. Ulichapwa mwaka 1876 kwa muziki wa Philip Bliss, aliyeupa muziki huo jina la meli yenyewe, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo Bliss na mkewe wakafa katika ajali ya treni huko Ashtabula, Ohio, daraja lilipoporomoka. Kwa hiyo aliyeandika maneno na aliyetunga sauti, wote wawili walikuwa watu wa maji mazito.

Tena mambo ya Spafford hayakuisha hapo. Mwaka 1880 walifiwa na mtoto mwingine, wa kiume, kwa homa. Mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu, na jumuiya waliyoianzisha ikaja kujulikana kwa kuwahudumia wenye njaa na wagonjwa bila kuuliza dini ya mtu. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hulisimulia lile la meli wakaishia hapo, kama kwamba mtu akishaandika wimbo mzuri shule imefungwa. Mungu alikuwa bado anaendelea naye.

Sasa nieleze kwa nini nasema kitabu hiki kinamkuza mtu, maana hicho ndicho ninachokipima.

Kwa wateja wangu wanaopanda nyanya huwa nina ushauri mmoja ninaourudia mpaka wanachoka. Miche ikiwa kitaluni, siku saba hadi kumi kabla ya kuihamishia shambani, ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji. Usiikaushe, ipunguzie tu. Mche utaonekana umedumaa, majani yatapoteza ule ulaini, na mkulima mgeni ataniambia mbegu zangu mbaya. Lakini shina linakaza, na mche huo ukipelekwa kwenye jua kali unasimama. Ule ulionyweshwa na kufunikwa mpaka siku ya mwisho hulala chini siku ya kwanza. Miaka niliyokaa bila sehemu yangu ya kudumu, nikijishikiza hapa na pale na mzigo wa kubeba mkononi, nilijiona ni mche ulioondolewa kivuli. Waraka kwa Waebrania sura ya 12 unasema kwamba adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha, bali cha huzuni, lakini baadaye huwaletea waliozoezwa nayo matunda ya haki yenye amani. Ule mstari nilikuwa nimeupigia mstari wa peni zamani. Nilikuja kuuelewa nikiwa nimekaa juu ya boksi la mbegu kando ya barabara.

Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyewasha moto. Wanafunzi walipomwuliza Yesu habari za kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana aliikataa hesabu hiyo, akawaelekeza kwenye kazi za Mungu zitakazodhihirishwa. Na Yusufu aliwaambia ndugu zake, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Mabaya aliyaita mabaya. Tena angalia alisema hivyo lini: baada ya shimo, baada ya kuuzwa, baada ya gereza, akiwa na ghala za nafaka mkononi. Pale shimoni hakuna aliyemwinamia akamweleza faida za shimo.

Kwa hiyo nina onyo kwa wanunuzi wa kitabu hiki, hasa sisi akina mama tunaopenda kwenda kufariji. Usimfungulie aliyefiwa jana wimbo wa "Salama rohoni" ukamtaka aimbe. Mwache kwanza. Chagua "Kaa nami", ambao haumdai mtu aseme yuko salama. Unamwomba tu Bwana asiondoke, kwa kuwa ni usiku. Henry Francis Lyte aliuandika mwaka 1847 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, na mwaka huo huo akafa. Ule ni wimbo wa mtu anayejua kwamba hataiona asubuhi nyingine nyingi, na mtu aliye gizani huusikia kama sauti ya mwenzake. "Salama rohoni" utakuja wenyewe kwa wakati wake. Kwangu ulichukua muda mrefu kutoka kinywani.

Kitu kilichonifundisha zaidi kuliko moto wenyewe kilikuwa mfuko wa unga. Kanisani kwetu nilikuwa mtunza hazina wa akina mama. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka vifurushi kwa wengine. Wiki ya pili baada ya moto alikuja nyumbani bibi mmoja anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala, mtu ambaye mwenyewe huishi kwa kuungaunga. Alikuwa na unga kilo mbili na sabuni kipande. Nikamwamkia, nikamkaribisha, halafu nikaanza kumwambia bibi, rudi navyo, wewe unahitaji kuliko mimi. Akanitazama.

"Mwanangu, pokea. Na mimi nataka kutoa."

Nikapokea kwa mikono miwili. Jioni ile nilifungua Tenzi kwenye "Cha kutumaini sina, ila damu yake Bwana", wimbo ambao kwa miaka nilikuwa nauimba nikiwa na mtaji, na akiba ya kikoba, na jina zuri pale sokoni. Edward Mote aliyeuandika katika miaka ya 1830 alikuwa fundi wa makabati London. Mtu wa randa na msumeno. Nilihisi kwamba Mungu amenipeleka mpaka mahali ambapo maneno yale yanaweza kusemwa kwa ukweli. Hilo ndilo ninaloliita kukua. Elimu ya wimbo haikuongezeka. Maneno yalikuwa yale yale, ila mimi nilikuwa nimesogezwa karibu nayo.

Na wengine humo ndani, kwa ufupi. "Yesu kwetu ni rafiki" ni wa Joseph Scriven, Mwairishi ambaye mchumba wake alizama maji karibu na siku ya harusi. Akahamia Kanada, na mwaka 1855 akayaandika maneno yale ili kumfariji mama yake aliyekuwa mbali, Ireland. "Usinipite Mwokozi" ni wa Fanny Crosby, aliyepoteza kuona akiwa mtoto wa wiki chache, akatunga nyimbo maelfu. Yeye ndiye aliyeandika pia "Bwana u sehemu yangu", wimbo wa safari, na ukifikiri kwamba mwenye kuuandika hakuwahi kuiona njia kwa macho, utauimba kwa namna nyingine.

Lakini ninayempenda kupita wote ni Louisa Stead, mwandishi wa "Kumtegemea Mwokozi". Mumewe alizama maji akijaribu kumwokoa mtoto aliyekuwa anazama, naye akabaki na binti mdogo na mikono mitupu. Wimbo ulichapwa mwaka 1882. Kilichonigusa ni kwamba mama huyu alikuja kwetu, Afrika. Alifanya kazi ya umisionari Afrika Kusini, baadaye akaenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, na huko ndiko alikofia mwaka 1917. Amezikwa kwenye udongo wa bara hili. Kumtegemea kwake Mwokozi hakukuwa kwa kukaa kitandani akisubiri, kulimpandisha meli. Nilipoanza tena biashara, na pakiti zangu chache kwenye beseni, nikiwa nadaiwa marejesho ya kikoba kila wiki na bado nalipa mzigo ulioungua, wimbo huo ndio niliokuwa nauimba kwa sauti ya chini asubuhi wakati napanga. Mtume Paulo anasema dhiki kazi yake ni kuleta saburi. Saburi kwangu ilikuwa na sura hiyo: kulipa kidogo kidogo, kwa jina langu, mpaka deni likaisha.

Kwa hiyo kama bidhaa, kitabu kinafanya kazi yake. Kinakupa maneno kabla hujayahitaji. Jambo hili nalisisitiza kwa wazazi: wafundisheni watoto tenzi hizi sasa, hata kama hawaelewi, hata kama wanapiga miayo. Usiku wa shida mtu hana nguvu ya kujifunza wimbo mpya. Hufungua kilichokwisha kuwekwa ndani.

Kasoro sasa. Ya kwanza nimeshaigusa: ubanaji wa kurasa. Ya pili, makosa ya uchapaji. Katika kitabu changu kuna herufi zilizoruka na mahali pamoja mstari umevunjika vibaya, kiasi kwamba asiyeujua wimbo atababaika. Ya tatu, herufi ni ndogo. Mama yangu kule Mpwapwa hawezi kuzisoma kwa taa ya sola, nikamtafutia toleo la herufi kubwa. Lipo, ila bei yake ni zaidi na lazima uulize dukani, halikai mbele. Ya nne ndiyo inayoniuma: matoleo niliyoyashika hayana habari yoyote ya watunzi. Hakuna jina, hakuna mwaka. Watu wanaimba miaka na miaka bila kujua kwamba nyuma ya namba ile kuna baba aliyepoteza mabinti wanne, au fundi makabati, au mjane aliyekuja kufia Zimbabwe. Nusu ukurasa kwa kila wimbo ungetosha kabisa. Hata mistari mitatu. Ningelipa mara mbili ya bei.

Kuhusu programu za simu: zipo za bure zenye tenzi zote, na zinafaa sana kwenye daladala au kwa mtu anayetaka kutafuta wimbo kwa neno moja. Mimi ninayo. Kanisani siifungui. Ujumbe wa mteja ukiingia katikati ya ubeti wa tatu, moyo umeshaondoka, na kuurudisha ni kazi. Pia simu huisha chaji, hasa katika mkesha. Kijitabu kinakesha.

Anayetafuta nyimbo za sifa za siku hizi hatazipata humu, na kwaya inayotaka nota itafute kitabu kingine. Waluteri wenzetu wana Mwimbieni Bwana, kikubwa zaidi na chenye mpangilio wa mwaka wa kanisa. Kwa ibada ya liturujia hicho kitawafaa kuliko hiki. Lakini kwa Mkristo mmoja mmoja, kwa familia, kwa ibada ya nyumbani, kwa hospitalini, sijaona kinachokipita kwa bei ile.

Ninampa kila anayebatizwa katika kundi letu nakala moja. Kabla sijampa, naketi na peni, nafungua nyimbo kama kumi hivi ninazozijua vizuri, na pembeni ya kila mmoja naandika jina la mtunzi, mwaka, na alichokuwa anapitia. Nawe ukinunua, fanya hivyo kwa nakala yako, mpaka wachapaji watakapotufanyia wao.